Mgeni wa Mvita Apangiwe na Wenyewe

Wasomaji wa ukurasa huu wanajua kwamba mimi si katika wale wanaowachukia watalii. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo tulivyofunzwa, na mji huu wa Mombasa haukupata kuwa mji ila kwa sababu ya wageni waliokuja na pepo za bahari, wakateremsha mizigo yao, wakaoa, na wakazikwa hapa hapa. Lakini liko jambo moja ambalo limekuwa likinikera kwa siku nyingi, na leo nimeona ni bora nilitie wino. Jambo lenyewe ni hii ziara ya nusu saa.

Asiyeijua na aende akasimame karibu na lango la Fort Jesus, au Ngomeni kama tuitavyo sisi, asubuhi yoyote ya msimu. Ataliona basi limesimama na injini yake ingali yanguruma. Watashuka wageni thelathini au arubaini, kofia vichwani na chupa za maji mikononi, wametoka katika hoteli za Diani au za pwani ya kaskazini. Wataingia ndani, wataonyeshwa mizinga, watapigwa picha juu ya ukuta unaoelekea baharini, kisha watapitishwa katika vichochoro viwili vitatu mpaka kwenye duka la vinyago. Kabla ya adhuhuri wote wamekwisha kurudi garini, kwani chakula cha mchana kimekwisha lipiwa huko hotelini. Jioni watawaandikia jamaa zao kwamba wameiona Mombasa. Walichokiona ni ukuta na ndovu wa mti.

Simlaumu mgeni. Yeye ana siku chache, ametoka mbali, na aliyempangia safari alimwambia kwamba Mji wa Kale ni jambo la nusu saa. Nawauliza nyinyi, wenzangu: ni nani huyo aliyempangia? Si mzee wa Kibokoni, si mama wa Kuze, si mwalimu wa madrasa, si fundi wa milango. Amepangiwa na mtu aliyekaa afisini mbali na hapa, mwenye orodha ya mambo ya kumshughulisha mgeni anapochoka na mchanga wa bahari. Na sisi wenyewe je? Akija mpwa wetu kutoka Nairobi, au binamu kutoka Maskati aliyezaliwa huko na hajui nyumba ya babu yake iko mtaa gani, tunamfanyia nini? Tunampeleka kula aiskrimu, tunampeleka ufukoni, tunampeleka kwenye maduka makubwa yenye ngazi za umeme. Kisha twalalamika ya kwamba watoto wa siku hizi hawana asili.

Wengine watasema kosa ni ufupi wa safari. Mji wa karne nyingi hauwezi kujulikana kwa siku moja wala mbili. Mimi sikubali. Ibn Battuta, yule msafiri mashuhuri wa Tanja, alifika hapa mwaka 1331 akiwa njiani kwenda Kilwa, na akalala usiku mmoja tu. Usiku mmoja, basi! Na tazama aliyoyaandika. Alisema wenyeji ni watu wa dini na wema, wafuasi wa madhehebu ya Shafi. Kwamba misikiti yao imejengwa kwa mbao na kwa ustadi. Kwamba milangoni pa misikiti pana visima, mtu huteka maji kwa chombo cha mti chenye mpini, akaosha miguu yake na kuifuta kwa mkeka mnene ndipo aingie, kwa kuwa watu walikwenda bila viatu. Alisema nafaka haikulimwa kisiwani bali ililetwa, na kwamba chakula cha watu kilikuwa ndizi na samaki. Hata zambarau hakuisahau. Aliifananisha na zeituni kwa kokwa lake, ila akaongeza kwamba hii yetu ni tamu sana.

Mambo kama hayo mtu hayapati kwa kukodolea macho kuta. Yaonyesha wazi kwamba bwana yule alikwenda msikitini, alikula walichokula watu, na aliuliza. Usiku wake mmoja ulikuwa mikononi mwa wenyeji.

Sasa mlinganishe na wageni wengine. Mwezi wa Aprili mwaka 1498 zilitia nanga hapa merikebu za Vasco da Gama. Mfalme wa Mombasa akampelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa, na nahodha naye akawatuma watu wake wawili washuke pwani. Habari za safari ile zinaeleza kwamba mfalme aliamuru watu hao watembezwe mji mzima. Hiyo nadhani ndiyo ziara ya kwanza ya Mzungu katika Mji wa Kale ambayo imeandikwa. Katika kutembezwa, wakafikishwa kwenye nyumba ya wafanyabiashara wawili, ambao yaelekea walikuwa Wahindi, wakaonyeshwa karatasi yenye picha iliyokuwa ikiabudiwa humo. Wareno wale wakaamini kwamba hiyo ni picha ya Roho Mtakatifu, na wenye nyumba ni Wakristo wenzao! Walipita katika njia zetu, wakaona yale waliyokuja nayo vichwani.

Miaka saba baadaye, mwaka 1505, akaja Francisco de Almeida, naye hakuja kutembea. Aliupora mji na kuutia moto. Hata hivyo, waliofuatana naye waliandika habari za nyumba za mawe zenye orofa, na njia nyembamba ambazo watu wawili hawawezi kupita sambamba, na viti vya mawe vilivyojengwa mbele ya nyumba ambavyo huzidi kuzibana njia hizo. Viti vya mawe, yaani baraza. Mchoma mji alizitambua baraza zetu, na mgeni wa leo anapita mbele yake bila kuambiwa kwamba ni kitu gani.

Hapo nataka kuuvuka mpaka kidogo niende Italia, na si kwa kupotea njia. Ngome hii iliyojengwa kati ya mwaka 1593 na 1596 kwa amri ya mfalme wa Ureno, aliyeichora ni Mtaliana, Giovanni Battista Cairati wa Milano. Wataliana wengine wamekuwa majirani zetu wa Malindi tangu miaka ya 1960, walipojenga kituo chao cha San Marco cha kurushia setilaiti kule Ngomeni ya kaskazini (si hii yetu). Watu hawa wana miji ya kale mingi kuliko sisi, na kupokea wageni ndiyo kazi yao. Basi kuna la kujifunza kwao, na kuna la kuogopa.

La kujifunza ni hili. Muombe mtu wa Florence akupangie siku mbili katika mji wake. Atakuambia kanisa gani hufungwa adhuhuri, mtaa gani una kivuli saa nane, wapi watu wa mji wenyewe hula badala ya pale mbele ya mnara. Atakuonya kwamba ukienda kanisani umeacha mabega na magoti wazi utarudishwa mlangoni. Na mgeni hurudi hotelini akabadili nguo, wala simsikii mtu akisema Wataliana ni washamba au wana siasa kali. Lakini sisi, tukimwomba bibi aliyevaa nguo ya kuogelea ajitande leso anapopita mbele ya msikiti wa Mandhry, tunaona haya, kana kwamba ni sisi tuliofanya kosa.

La kuogopa liko Venice. Mji ule ulio juu ya maji ulikuwa na wakazi karibu 175,000 mwaka 1951. Kufikia mwaka 2022 walikuwa wameshuka chini ya 50,000. Nyumba zimekuwa vyumba vya kulala wageni, duka la nyanya limekuwa duka la vinyago vya vioo, na kijana akioa hana pa kukaa. Mwezi wa Aprili 2024 serikali ya mji ilianza kuwatoza wageni wa mchana, katika baadhi ya siku, yuro tano kwa kuingia tu. Mji umekuwa na tikiti kama sinema. Yote hayo hayakuletwa na uchache wa wageni. Waliingia kwa maelfu, wakatembea, wakatoka, na mji haukuwa na neno katika mpango wao.

Msiseme Venice ni mbali. Lamu hapo, iliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2001, mara ngapi tumesikia kwamba nyumba fulani ya Shela au ya Mkomani imenunuliwa na mgeni, imepakwa chokaa ikang'aa, na mwenyewe aliyeizaliwa ndani amehamia Langoni katika kibanda?

Basi maadamu nimelaumu, sina budi kuonyesha. Haya ndiyo ambayo mimi ningempangia mgeni wangu, awe ni Mtaliana au ni mpwa wangu wa Nairobi. Ningemtaka siku mbili na usiku mmoja katikati. Asije Ijumaa adhuhuri akitaka kuonyeshwa misikiti. Katika mwezi wa Ramadhani aje magharibi, wakati njia zinapojaa watu na sinia za vyakula ziko nje, na baada ya tarawehe mji unapokuwa macho kuliko mchana. Aje na viatu vya kutembelea na nguo ya heshima, na saa aitie mfukoni.

Jambo la kwanza ni kwamba nisingempeleka Ngomeni. Najua wengi watanishangaa. Lakini Ngome ilijengwa kwa ajili ya mji, ili kuutawala na kuulinda usichukuliwe na wengine. Mtu asiyeujua mji ataonaje maana ya kuzungukwa kwake na mizinga? Ngome ni mahali pa kumalizia.

Ningeanza alfajiri kwenye kahawa. Karibu na msikiti, watu wakitoka kuswali, yuko muuza kahawa na dele lake na makaa chini yake. Mgeni akae barazani, anywe kahawa chungu kwa kifinjani, na kashata kando, na anyamaze asikilize. Hapo atasikia Kimvita. Atasikia mtu akisema "ndia" badala ya njia, na tukiinuka kwenda Ndia Kuu atakuwa amekwisha jua jina la mtaa lina maana gani bila ya kuambiwa na kibao. Kisha mahamri na mbaazi za nazi. Mambo ya kutembea na njaa hayakuamriwa.

Ndia Kuu si ndefu. Mtu mwenye haraka huimaliza kwa dakika tano, nami ningekaa humo asubuhi nzima. Atazame milango. Mlango wa kale una miimo miwili, kizingiti juu na mfaa katikati, na nakshi zake si mapambo matupu. Mara nyingi kizingitini utasoma aya au tarehe ya Hijra, na mwenye kusoma Kiarabu aliyetoka chuoni atamsomea mgeni palepale. (Hapo ndipo ule ukali wa mwalimu wetu wa chuoni unapolipa.) Atazame juu aone roshani za mbao zilizotiwa nakshi, ambazo nyingi zilikuja na mafundi na matajiri wa Kihindi mwishoni mwa karne ya 19. Kisha, kama mwenye nyumba ni jamaa na ameridhia, aingie ndani kidogo, apite dakani, aone jinsi mlango ulivyopindishwa ili mpita njia asiwaone wanawake. Aone zidaka ukutani na boriti za mikoko juu. Amwulize fundi kwa nini vyumba ni virefu na vyembamba, na fundi atamjibu kwamba boriti ndiyo iliyoamua: upana wa chumba aghalabu haupiti mita tatu kwa kuwa mti wa mkoko hauwezi kubeba dari ya mawe kupita hapo. Mgeni akilielewa hilo moja, ameielewa nusu ya miji ya pwani kuanzia Pate mpaka Kilwa.

Akitaka kupiga picha ya nyumba, haya. Akitaka kumpiga picha mama aliyesimama mlangoni na buibui lake, aombe kwanza, na akikataliwa ashukuru.

Kutoka hapo tushuke njia ya Sir Mbarak Ali Hinawy, Liwali wetu aliyeandika kitabu kuhusu Ngome. Wazee wangali wakumbuka kwamba njia hiyo iliitwa kwa jina la Vasco da Gama, na mimi husema kwamba katika mabadiliko ya majina haya ndiyo niliyofurahia zaidi. Humo umo msikiti wa Mandhry, unaosemwa umejengwa mwaka 1570, na mnara wake mfupi mweupe. Je, mgeni asiye Mwislamu aingie? Rai yangu ni kwamba hilo ni la imamu na kamati ya msikiti wenyewe, wala si la dereva wa basi. Msikiti si makumbusho. Akiruhusiwa, nje ya nyakati za swala, avue viatu. Asiporuhusiwa, mnara waonekana vizuri sana kutoka njiani. Mwislamu atakaa aswali adhuhuri na jamaa, na hiyo kwake ni ziara tosha.

Chini kidogo ni bandari ya kale. Hapa namtahadharisha mgeni asije akadhani ataona yale yaliyo katika picha za zamani. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yaliyokuja na kaskazi kuanzia Desemba, yakajaa hapa tele, yakaondoka na kusi ikivuma, hayaji tena kwa wingi ule. Biashara kubwa ilihamia Kilindini kwenye gati za maji marefu tangu miaka ya 1920, na vilivyobaki hapa ni vyombo vichache. Lakini asimame juu ya ngazi karibu na nyumba ya Leven, iliyopewa jina la manowari ya Kiingereza ya Kapteni Owen aliyekuja mwaka 1824, Mazrui wa Mombasa walipotaka hifadhi dhidi ya Sayyid Said. Hifadhi hiyo ilidumu miaka miwili tu, Waingereza wakaondoka, na mwaka 1837 mji ukaingia mikononi mwa Sayyid Said. Mgeni akisimama hapo aambiwe pia kwamba siku hizo hizo mji huu ulikuwa na Muyaka bin Haji, ambaye silaha yake ilikuwa shairi. Vita vile vya Mombasa na Unguja, Mombasa na Lamu, vilipiganwa kwa beti kama vilivyopiganwa kwa bunduki. Na kama beti za Muyaka twazo leo, ni kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya kutoka vinywani mwa watu kabla hajafariki mwaka 1890. Mtu mmoja, bila ya afisi wala mshahara wa serikali, alikwenda akawauliza wazee.

Alasiri apumzike. Jua la Mombasa halina adabu kwa mgeni. Jioni tutoke kwenda mtaa wa Biashara kutazama leso, na hapo mama na dada zetu ndio wawe viongozi, maana sisi wanaume twanunua rangi na wao wananunua jina. Liko duka la Kaderdina Hajee Essak, la tangu mwaka 1887, ambalo alama yake ya Mali ya Abdulla yajulikana mpaka bara. Mgeni asomewe maneno ya leso moja moja, aambiwe ipi humpelekea mke mwenzio na ipi humpelekea mama. Kisha viazi vya karai, mishkaki na muhogo wa kuchoma, na kulala mjini. Nasisitiza alale mjini. Pesa yake ya malazi ibaki kwa mwenye nyumba wa hapa, na adhana ya alfajiri aisikie dirishani, misikiti ikijibizana.

Siku ya pili ndiyo ya Ngome, asubuhi mapema kabla ya mabasi. Sasa mgeni ana macho. Ukimwambia habari za Yusuf bin Hassan atakuelewa: mtoto wa mfalme wa Mombasa aliyeuawa, aliyechukuliwa Goa akabatizwa na kuitwa Dom Jerónimo, akarudishwa awe mfalme chini ya Wareno, na tarehe 16 Agosti 1631 akaingia Ngomeni, akamuua kapteni, akarudi katika dini ya baba zake. Ukimwambia Waomani waliizingira Ngome hii tangu Machi 1696 mpaka Desemba 1698, atauliza ni nani waliokuwa ndani, nawe utamjibu kwamba wengi wao hawakuwa Wareno. Wareno walipokwisha kwa maradhi, mwaka 1697, aliyeishika Ngome mpaka msaada ulipofika ni Bwana Daudi wa Faza na watu wake wachache. Mswahili ndani, Mswahili nje. Ataonyeshwa vitu vilivyoopolewa kutoka merikebu ya Santo António de Tanna, iliyozama hapo mbele mwaka 1697 na kuchimbuliwa baharini kuanzia 1977. Ataona michoro ya merikebu iliyochorwa ukutani na Wareno waliokuwa wakiona upweke. Ataambiwa kwamba tangu 1895 mpaka 1958 hapa palikuwa gereza, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1960. Waweza kumwacha humo saa tatu na hatataka kutoka.

Safari kama hii haigharimu zaidi ya ile ya basi. Kinachokosekana ni mtu wa kuipanga na mtu wa kuiongoza, na hapa ndipo maneno yangu yanapowahusu vijana. Nimemsikia kwa masikio yangu kijana mmoja, mzaliwa wa hapa, akimwambia mgeni kwamba Ngome ilijengwa na Waarabu kujikinga na Waingereza. Mgeni akaandika katika daftari lake! Kijana yule hana kosa kubwa, hakuna aliyemfundisha. Shuleni alisomeshwa mito ya Ulaya, na nyumbani tulikuwa tukitazama televisheni.

Na wakati hautungoji. Mji wa Kale ulitangazwa kuwa eneo la kuhifadhiwa mwaka 1990, na iko afisi ya Makumbusho ya Taifa inayoshughulika nao; Ngome nayo iliingia katika urithi wa dunia mwaka 2011. Lakini tangazo halizibi dari inayovuja. Nyumba ya mawe ya pwani imejengwa kwa matumbawe na chokaa, na vitu hivyo hupumua. Maji huingia na hutoka. Mwenye nyumba akiipaka saruji kwa kuwa ni rahisi na ya haraka, maji hunaswa ndani ya ukuta, chokaa ikalegea, boriti zikaoza vichwa. Kwa nje nyumba yang'aa, ndani yafa. Tulishuhudia Unguja tarehe 25 Desemba 2020, Beit al-Ajaib, lile jumba tulilodhani litasimama mpaka Kiyama, lilipoporomoka upande mmoja likiwa katika matengenezo na kuua watu wawili. Kama jumba la Sultani laweza kuanguka, seuze nyumba yenye warithi kumi na tisa, watano wako Jidda, watatu hawasemezani, na hakuna hata mmoja aliye tayari kununua boriti?

Wageni wa siku mbili wanaweza kusaidia hapo. Chumba kimoja cha juu kikikodishwa kwa heshima, mwenye nyumba akiwa bado yumo chini, ni boriti mbili kwa mwaka na chokaa yake. Nyumba nzima ikikodishwa na mwenyewe akahama, hiyo ni Venice. Warithi wakae wakubaliane wakati ukuta ungali wima. Na wasimamizi wa nyumba za wakfu, ambazo mjini humu ni nyingi, nao wajiulize kama kodi inayopatikana inarudi kwenye ukuta ulioizaa.

Serikali ya kaunti inaweza kuwasomesha vijana hamsini wa mji kazi ya uongozi kwa miezi michache, kwa Kiswahili kwanza, na isiwape kitambulisho mpaka wawe wameketi na wazee. Lakini mimi sipendi kila jambo tuingojee serikali. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotaka watu wa Mombasa wasome na wazinduke, alitoa Sahifa yake mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932 kwa juhudi zake mwenyewe, papa hapa kisiwani. Hakungojea kibali cha mtu kuwaeleza Waislamu wa pwani habari zao.

Likizo ya Desemba i karibu kuliko bajeti ya kaunti. Mwalimu wa madrasa anayetaka kuanza na aanze na wanafunzi ishirini, siku ya Jumamosi, saa moja ya asubuhi jua halijapanda. Kila mmoja awe na daftari. Wapewe mtaa mmoja tu, wasome vizingiti, waandike tarehe za Hijra wanazoziona na majina ya wenye nyumba, wamwulize mzee aliye barazani nani alikaa hapa kabla yake. Saa nne warudi wakanywe maji, na kama zambarau zimeingia Markiti wanunuliwe za kutosha, kila mmoja ashike kokwa lake alitazame, kisha wasomewe yale aliyoyaandika Ibn Battuta.